Safari ya Kondoa Irangi, na Ardhi Iliyohuishwa



Dini yetu yatuhimiza tutembee katika ardhi, tutazame hali za waliotutangulia na tuzingatie. Wengi wetu, khasa vijana, twadhani kwamba kutembea huko ni kupanda ndege na kwenda Ulaya, tukaone vijiji vya kale na mashamba yaliyotunzwa. Hapana ubaya katika hayo kwa mwenye uwezo. Lakini mimi nikaaye hapa Makole, Dodoma, nina nchi kongwe ya vijiji mwendo wa kama kilomita 160 tu upande wa kaskazini, na vijana wa nyumbani kwangu walikuwa hawajapata kuikanyaga. Nchi hiyo ni Kondoa Irangi.

Safari yetu ilikuwa na haja. Marehemu mama yangu alikuwa Mrangi, akatuachia shamba la ekari tatu katika kijiji kimoja upande wa Kolo. Ndugu yangu mdogo naye alifariki baada yake, na fungu lake likawa la mkewe na wanawe wawili. Vijana hao walinijia wakataka shamba liuzwe, kwa hoja kwamba ardhi ya makorongo haimlishi mtu, na kwamba fedha zitawafaa zaidi mjini. Nikawajibu kwamba haki yao ni yao, wala mimi sina amri ya kuwanyima; lakini yafaa mtu akione kitu kwa macho yake kabla ya kukiuza. Wakakubali, tukasafiri.

Tangu barabara ya lami ikamilike mwaka 2018, safari imekuwa nyepesi. Tulipita Msalato, Mayamaya na Chemba, na kabla ya adhuhuri tukawa Kondoa mjini. Mji huu ulikuwa kituo cha misafara iliyotoka pwani kwenda bara, na kwa njia hiyo Uislamu ukaingia ukatia mizizi, hata leo Warangi walio wengi ni Waislamu. Vita vya wakubwa vilifika pia: mwezi wa Aprili 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali van Deventer yaliutwaa mji huu kutoka kwa Wajerumani, na mwezi wa Mei von Lettow-Vorbeck alijaribu kuurudisha asiweze. Tuliswali adhuhuri, kisha tukapanda milima.

Huko ndiko vijana walikonyamaza. Kando ya njia walitazama makorongo marefu yenye kuta za udongo mwekundu, mengine yaweza kumeza nyumba. Lakini ndani yake kulikuwa na miti, na chini kabisa, penye mchanga wenye unyevu, watu wamepanda migomba na miwa. Kwenye miteremko kulikuwa na makinga maji yaliyofuata mzunguko wa kilima, yamepandwa majani na mikonge. Mpwa wangu mkubwa aliuliza, "Baba mkubwa, hii ndiyo nchi iliyokufa?" Sikumjibu. Nilitaka amsikie mwenyewe aliyekuwapo.

Mjomba wetu, ndugu yake mama, umri wake umepita miaka themanini. Alitupokea kwa uji wa uwele na asali, kisha akasimulia. Alisema kwamba alipokuwa kijana miteremko hii ilikuwa mitupu. Mifugo ilikuwa mingi kuliko majani, miti ilikatwa kwa kuni na kwa mashamba mapya, na kila mvua ikishuka ilichukua udongo ikaupeleka bondeni. Zama za Waingereza watu waliamrishwa kuchimba matuta, wakachimba kwa kinyongo. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa HADO, kwa msaada wa nchi ya Uswidi. Matrekta yakachimba makinga maji, miche ikapandwa. Lakini ng'ombe waliendelea kupita juu yake, na kazi ikawa kama kuteka maji kwa pakacha. Ndipo mwaka 1979 ikatoka amri nzito: mifugo yote, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, itoke katika eneo lililoharibika, lipatalo kilomita za mraba 1,256.

"Ng'ombe wangu walikuwa kumi na wanane," alisema Mjomba. "Wengine niliuza kwa bei ya kutupa, maana kila mtu alikuwa anauza. Waliobaki niliwapeleka kwa jamaa nyikani. Watoto wakalia maziwa. Mashamba yakakosa samadi. Mzigo uliobebwa na punda ukahamia kichwani kwa mke wangu. Msimwambie mtu kwamba jambo hili lilikuwa rahisi."

Mpwa mdogo akamwuliza kama aliridhia. Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Niliamrishwa, mjukuu wangu. Kuridhia kulikuja baadaye, nilipoona majani."

Na majani yalikuja. Katika miaka michache tu miteremko ilifunikwa, vichaka vikasimama, na mchanga uliokuwa ukimiminika mabondeni ukatulia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu wakaanza kuruhusiwa kufuga tena, ila kwa sharti kwamba ng'ombe akae zizini akatiwe majani. Mtaalamu mmoja wa Uswidi, Wilhelm Östberg, aliandika kitabu juu ya mageuzi ya Kondoa mwaka 1986, na watu wa mbali wakaja kujifunza hapo.

Vijana walistaajabu kwa nini Uswidi, nchi ya baridi na theluji, ishughulike na vumbi letu. Niliwaeleza kwamba nchi hiyo nayo imepata kuonja ubahili wa ardhi. Kati ya miaka ya 1850 na 1930 watu wake zaidi ya milioni moja walihamia Marekani, wengi wao wakiwa wakulima maskini, na miongoni mwao watu wa jimbo la Småland, ambako mkulima alitoa mawe shambani mwake mpaka yakatosha kujenga kuta. Vijiji hivyo ndivyo leo wageni wanavyokwenda kuvitazama kwa uzuri wake.

Siku ya pili tulikwenda kwenye michoro ya mapango ya Kolo, iliyoandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ni taswira za watu wembamba na wanyama, kwa rangi nyekundu, zilizochorwa na wawindaji wa kale, na juu ya baadhi yake michoro myeupe ya watu waliokuja baadaye. Katika michoro ile kuna twiga na pofu, na leo juu ya vilima vile hutawaona. Kila kizazi kilipita, kikaacha ardhi kwa kilichofuata, ama nzima ama imepungua.

Jioni tulikaa juu ya mambo ya shamba. Mpwa mdogo alisema bado anataka fedha zake, nasi tukapatana bei mbele ya mashahidi, nikalinunua fungu lake. Mkubwa na mama yake waliacha yao. Mjomba alituonya: msaada wa Uswidi ulikoma mwaka 1996, usimamizi ukalegea, na mifugo imerudi kuzurura katika sehemu nyingine. Ardhi iliyopona yaweza kuugua tena.

Ndugu wasomaji, ardhi ni amana. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba hata Kiyama kikisimama nawe una mche mkononi, uupande. Nawausia wazazi wawapeleke watoto wao kwenye nchi za wazee wao, wawaulize wakongwe wangali hai. Na vijana nawausia wajue kwamba majani yale ya Kondoa yana bei, na waliolipa bei hiyo ni watu kama Mjomba na mkewe, wala hawakudai shukrani. Deni lao hulipwa kwa kutunza.

Wabillahi tawfiq.