Daftari la bariyeri: mashini yetu inaandika nini juu yenu

Tangu tuweke ile kompyuta ya zamani kati ya laini ya intaneti na Wi-Fi ya vijana hapa Gisenyi, swali moja linarudi kila wiki: inaandika nini juu yetu? Mama mmoja aliuliza vizuri kutupita wote. "Batoto bangu, hii mashini inasikiaka vile naongea na bwana yangu ku Goma?" Tulimjibu: hapana mama, haisikii. Ujumbe wa WhatsApp unafungwa kwa ufunguo tangu 2016, hata sisi tunaoshika mashini hatuwezi kuusoma. Ila mashini inaweza kuona kwamba simu fulani imegonga mlango fulani, saa fulani. Kwa watu waliokimbia, hilo peke yake si jambo dogo, ndiyo maana tunaandika hapa mbele ya wote.

Intaneti haisafirishi picha au sauti ikiwa nzima. Inaikata vipande, na kila kipande kinaitwa paketi. Kila paketi ina kichwa, ni kama bahasha: imetoka anwani gani, inaenda anwani gani, mlango namba ngapi, uzito wake. Barua yenyewe iko ndani. Fayawoli ni bariyeri. Inasoma bahasha, inapitisha au inakataa. Sisi tunaoishi karibu na mpaka hatuhitaji kuelezwa zaidi bariyeri ni nini.

Kwenye Linux, bariyeri hiyo iko ndani kabisa ya kiini cha mfumo. Ni kazi ya mradi wa Netfilter, ulioanzishwa na Rusty Russell mwaka 1998. Sasa, kiini kina kazi nyingi. Si vizuri kikae kinaandika mstari kwa kila paketi iliyokataliwa. Kwa hiyo kinatoa nakala ya bahasha na kuirushia programu nyingine inayokaa nyuma, bila dirisha, bila mtu kuibonyeza. Inaamka mashini ikiwaka, inalala mashini ikizimwa. Ya kwetu inaitwa ulogd, iliyoandikwa na Harald Welte. Wanaotumia OpenBSD wako na pflogd, kazi ni ileile. Faida yake ni kwamba inaandika kwenye faili lake yenyewe, na tumeipa ruhusa ndogo tu, haiwezi kugusa kitu kingine. Hata siku tukigongwa mara elfu kumi, daftari la mfumo halizami.

Ile "d" ya mwisho ni ya neno "daemon". Tulipolitamka kwenye mkutano, papa mmoja wa maombi alisimama kabisa! Tulimtuliza. Jina lilitoka kwa watu wa MIT mwaka 1963, walioliazima kwa mwanafizikia Maxwell. Huyo aliwaza kiumbe kidogo kinachokaa mlangoni na kuchagua chembe gani ipite, gani isipite. Yaani mlinzi. Papa alikaa, lakini bado anaitazama ile mashini kwa jicho la pembeni.

Kuna wanaogonga kutoka nje, na kuna sisi tunaotoka ndani.

Wa nje ni wengi kuliko mnavyodhani, na karibu wote si watu, ni mashini. Mlango unaogongwa sana ni namba 23, wa Telnet. Mwaka 2016 programu chafu iitwayo Mirai ilipita dunia nzima ikijaribu nywila za kiwandani kwenye ruta na kamera, na aliyeiandika akaitupa wazi kila mtu aichukue. Watoto wake bado wanazurura. Mwenye ruta nyumbani abadilishe nywila aliyoikuta kwenye kibandiko, leo hii, kabla hajamaliza kusoma.

Wa ndani ndio waliotugombanisha. Kati yetu kuna waliotaka tuandike kila paketi inayotoka, "ili tujue nani anakula mega zote." Hoja si mbaya, mega zinalipiwa, na mwisho wa mwezi kuna mtoto anakosa somo. Wengine walikataa kabisa. Katika eneo letu hili, karatasi zimeua watu. Mwaka 1994, hapa Rwanda, kitambulisho chenye kabila kilitosha mtu asivuke bariyeri akiwa hai. Sasa fikirini faili linaloonyesha simu gani ilifungua redio gani, chama gani, ukurasa wa ugonjwa gani, usiku wa tarehe gani. Waliovuka kutoka Goma Januari 2025 wako na ndugu ng'ambo ile. Hawaachi kuwa na ndugu kwa sababu wamejiunga na Wi-Fi.

Na msituambie faili litatunzwa vizuri. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iligundua kwamba watu wameingia kwenye seva zake na kufikia taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliopotezana na familia zao kwa vita na uhamiaji. Hao ni watu kama sisi. Kuna vijana humu wanaotafuta wazazi kwa njia hiyohiyo. Waliingia tarehe 9 Novemba 2021, kupitia programu yenye tundu ambalo halijazibwa. Siku 70 zilipita kabla hawajaonekana.

Hizo siku 70 zinakata pande mbili, na tulikesha nazo. Mwenye kufuta daftari kila wiki, mwizi wa miezi miwili iliyopita hatamjua kamwe. Mwenye kutunza kila kitu mwaka mzima amemwekea mwizi karamu. Mwishowe tulitenganisha. Bahasha za nje zilizokataliwa tunazitunza siku 90, maana hazisemi lolote juu ya mtu wetu. Za ndani tunaandika zile tu zilizokataliwa, kwa mfano laptopu yenye virusi inayojaribu kugonga mamia ya mashini kwenye mlango 445, na zinafutwa baada ya siku 3. Zinazopita salama hatuziandiki kabisa. Kuhusu mega, kuna hesabu tu: kifaa hiki kimetumia kiasi hiki. Kilienda wapi, haituhusu.

Mwezi uliopita alikuja mgeni wa ofisi moja, hatutaitaja. Aliomba kwa upole orodha ya waliokuwa mtandaoni usiku fulani, na walikuwa wanatazama nini. Tulimwonyesha kompyuta. Hakuna orodha. Hatukuhitaji ujasiri wowote, wala kudanganya, kwa sababu kitu chenyewe hakipo. Tulimtajia pia Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13/10/2021 ya Rwanda, inayotaka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana na zisikae kupita muda wa kazi yake. Alikunywa chai akaenda.

Wakubwa wa mashirika mnaosoma hapa: mnapotuletea Wi-Fi, mnatuletea pia daftari, hata kama hakuna aliyelisema. Mfundi anaondoka, sanduku linabaki linaandika. Kabla hamjakata utepe, mwambieni afungue mbele ya vijana aonyeshe linaandika nini, linakaa siku ngapi, na nywila iko kwa nani. Kwetu iko kwa watu wawili, kila mmoja na nusu yake, na mmoja ni dada. Kuna wanaosema tunajifanya benki. Waseme tu.

Kitu kinachotusumbua sasa ni saa. Umeme ukikatika, ile kompyuta inasahau tarehe kwa sababu kabetri kadogo ka ndani kamekufa, na hadi mtandao urudi inaandika kwamba paketi zimefika mwaka 1970. Daftari lenye saa ya uongo halisaidii kitu. Tena linaandika 02:14 na sisi tunasoma saa nane usiku, mgeni anasoma saa mbili, mabishano yanaanza. Kabetri ni kale ka duara, CR2032. Mwenye nako nyumbani akalete Jumamosi.