Mzee wa Bustani Katika Kipupwe

Aghalabu watu hudhani kuwa kazi ya bustani ni kazi ya masika na vuli, na kwamba kati ya misimu hiyo miwili mkulima huketi jikoni akiota moto na kungoja mvua. Dhana hiyo ni nyepesi kwa mtu anayejua mboga za sokoni tu. Mimi ni mwalimu huko Limuru, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na jirani yangu ni mzee aliyepita umri wa miaka sabini, ambaye riziki yake hutoka katika bustani isiyotimia ekari moja. Watoto wa mtaa humwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu. Mimi humwita Mzee, naye huniita Mwalimu. Nimemtazama kwa miaka kadhaa katika miezi ya Julai na Agosti, nami nimesadiki kuwa mavuno yake huamuliwa wakati uleule ambapo bustani huonekana imelala.

Kipupwe cha Limuru si jambo la mzaha. Ukungu hushuka juu ya mashamba ya chai, mmea ambao ulipandwa Kenya kwa mara ya kwanza papa hapa katika mwaka wa 1903, na jua huweza kupita siku nyingi bila kuonekana. Nguo hazikauki kambani, na vidole hufa ganzi. Kwa mzee mwenye maumivu ya magoti, kila asubuhi ya msimu huo ni mlima wa kupandwa upya.

Hata hivyo, yeye huamka saa kumi na moja alfajiri. Hukoka moto, hunywa chai, huvaa makoti mawili, moja juu ya jingine, kisha hutoka. Kwanza huenda kwenye lundo la mboji, ambamo amechomeka fimbo ndefu. Huichomoa na kuishika kiganjani. Ikiwa ina joto na unyevu, huridhika, maana hiyo ni dalili kuwa vijidudu visivyoonekana kwa macho vimo kazini vikiozesha majani na samadi. Ikiwa ni kavu, hulitia lundo maji. Ikiwa ni baridi, hulipindua. Asubuhi moja nilimkuta ameishika fimbo hiyo kwa mikono yote miwili, akaniambia bila kucheka kwamba huo ndio moto pekee usiomgharimu kuni.

Kutoka hapo hukagua viazi mbatata vilivyobaki shambani. Ukungu unaotupendeza sisi wapita njia ni adui yake, kwa sababu baridi na unyevu hulea ugonjwa unaobabua majani ya viazi na kuozesha viazi vyenyewe. Ugonjwa huo ndio ulioingia Ireland katika mwaka wa 1845; katika njaa iliyofuata walikufa watu wapatao milioni moja. Mzee hakuisoma habari hiyo kitabuni, lakini hupindua majani na kutazama upande wa chini kana kwamba aliishuhudia, na mmea wenye madoa meusi hung'olewa siku hiyohiyo.

Bandani kwake kuna uchaga uliopangwa viazi vya mbegu, mahali penye mwanga lakini pasipofikiwa na jua kali. Kiazi kilichofichwa gizani hutoa machipukizi marefu, meupe, yanayovunjika kwa kuguswa. Kilichokaa mwangani hutoa machipukizi mafupi, manene, yenye nguvu. Huvigeuza kimoja kimoja, na kilichooza hukitoa kabla hakijawaambukiza wenzake. Mvua za vuli zinapofika, mbegu yake haina haja ya kuamshwa.

Lakini kazi aipendayo zaidi ni kupogoa miti yake ya plamu. Miti hiyo haifanani na miembe ya pwani. Yenyewe huhitaji baridi. Isipopata baridi ya kutosha katika usingizi wake, maua yake huwa haba na hutoka ovyo. Kwa hiyo kipupwe kinachomtesa mzee ndicho kinachomlisha. Katika miezi hiyo matawi huwa matupu, hayana hata jani, na mgeni akiyaona hudhani yamekufa.

Hivyo ndivyo alivyodhani mwanawe mkubwa, anayefanya kazi Nairobi, alipokuja Julai ya mwaka jana. Alisema kwa adabu, lakini alisema: miti imekauka, baba amechoka, na kiwanja kile kingefaa kujengwa nyumba za kupangisha. Hakuwa mwana mbaya, wala hoja yake haikuwa ya kipumbavu, kwa kuwa kodi ya nyumba haitegemei mvua. Mzee hakubishana. Alikwenda kwenye mti wa karibu, akakwaruza gome la tawi kwa ukucha wa kidole gumba. Chini ya ngozi ile ya kijivu palikuwa na rangi ya kijani, mbichi na yenye maji. Akasema, "Rudi Septemba, mwanangu, tuzungumze."

Septemba matumba yalifunguka, na bustani yote ikawa nyeupe. Mwana alirudi, akasimama chini ya matawi kwa muda mrefu. Tangu hapo hajaanza kwanza yeye habari ya nyumba, ingawa jambo lenyewe halijakatwa. Magoti ya baba hayapati nafuu, na mkasi wa kupogolea haujapata mrithi.

Nanyi wanafunzi, mtakutana na vitu vingi vilivyo katika kipupwe chao: mwenzenu aliye nyuma darasani, mzazi aliyezeeka, ardhi isiyozaa. Watu wa mbali watakuja na hukumu iliyokamilika kwamba kimekufa. Pengine watakuwa wamesema kweli, kwani miti mingine hufa hasa. Lakini rangi ya gome haitoshi kuwa ushahidi. Asogee karibu anayetaka kujua, atoe mkono wake mfukoni hata kama ni baridi, akwaruze kidogo, ndipo aseme.