Mwezi Wenye Nyuso Mbili

Oda iliingia Jumanne saa tano usiku, nikiwa kwa chumba changu hapa Embu. Kurasa nne, shilingi 300 kwa ukurasa, iwe imekamilika kabla ya saa sita mchana. Mada ilikuwa Iapetus, mwezi mmoja wa sayari ya Zohali, na mambo yake yasiyo ya kawaida. Nilikubali kazi kabla hata sijajua jina hilo linatamkwaje.

Hivi ndivyo ninavyokula. Nawaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo, mimi ambaye chuo kilinishinda. Tuko wengi Kenya tunaofanya hivyo, na wengi wetu hatusemi. Nimeandika kuhusu kisukari, uhasibu, vita vya Napoleon. Nikishatuma, nasahau. Hii ya Iapetus ilikataa kusahaulika.

Mwaka 1671 mtaalamu wa nyota Giovanni Cassini, Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi Paris, aliona kitone cha nuru upande wa magharibi wa Zohali. Akakifuatilia. Ulipofika wakati wa kitone hicho kuwa upande wa mashariki, akatafuta, wapi. Baadaye kikajitokeza tena magharibi, kana kwamba hakijaenda popote. Mwezi huu huchukua siku 79 kuizunguka Zohali mara moja, na kila ulipofika mashariki, ulimpotea.

Cassini akakata shauri kwamba Iapetus huielekezea Zohali uso mmoja daima, kama mwezi wetu unavyotufanyia sisi, na kwamba upande wake mmoja ni mweusi sana kuliko mwingine. Ukiwa magharibi unatugeuzia weupe. Ukiwa mashariki unatugeuzia weusi, na darubini yake haikuwa na nguvu ya kuuona. Aliendelea kutafuta hadi 1705, alipouona mashariki kwa darubini bora zaidi. Miaka 34. Alikuwa na umri wa miaka 80 hivi.

Nilipofika hapo niliweka simu chini. Nilimfikiria mama yangu, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiniona upande wa magharibi tu.

Kwetu ni karibu na Maua, kwenye Milima ya Nyambene, ambako shamba moja linaweza kuwa na miraa huku na majani chai kule. Sisi tuna chai. Mama huamka gizani, huvaa gamubuti na kuchuma mpaka kikapu kimuume mgongoni. Nilipopata nafasi ya kusomea ualimu Embu, aliacha kuniita kwa jina. Akawa ananiita Mwalimu. Nikipiga simu: "Mwalimu, umekula?" Mbele ya akina mama wa chama: "Mwalimu wangu amefunga shule, amekuja kunisaidia kuchuma."

Mwaka wa tatu, bonasi ya chai ilipolipwa, alinitumia shilingi 45,000 kwa simu. Karo yote ya muhula. Nilikuwa na deni la nyumba la miezi miwili, nikalipa. Ikabaki pengo. Nikasema nitaliziba na kamari ya simu, kidogo tu, nirudishe ile niliyotoa. Mnajua mwisho wake. Kwa siku tatu karo ikawa imeisha. Bila karo sikuruhusiwa kufanya mtihani. Muhula uliofuata sikujisajili. Mama akaendelea kuuliza masomo yanaendeleaje, nami nikaendelea kusema yanaendelea vizuri.

Sasa sikiliza jinsi Iapetus ulivyopata nyuso mbili, maana usiku ule niliisoma sehemu hii mara tatu.

Mbali zaidi na Zohali kuna mwezi mwingine mdogo na mweusi, Phoebe. Mwaka 2009 darubini ya angani ya Spitzer iligundua pete kubwa mno ya vumbi katika njia ya Phoebe. Vumbi hilo husogea ndani polepole na kuupiga Iapetus usoni, upande unaotangulia ukiwa safarini, kama wadudu wanavyojaa kwenye kioo cha mbele cha matatu. Lakini vumbi peke yake halitoshi kuufanya uwe mweusi kama makaa. Linaanzisha tu.

Iapetus sehemu kubwa ni barafu. Vumbi likitua juu ya barafu, doa lile jeusi hufyonza joto la jua kuliko weupe unaolizunguka. Joto lenyewe ni la kuchekesha: upande mweusi mchana hufika kama nyuzi 144 chini ya sifuri, na mweupe kama nyuzi 160 chini ya sifuri. Lakini tofauti hiyo ndogo yatosha. Barafu ya kwenye doa hugeuka mvuke bila kuyeyuka kwanza, ikaenda kuganda upande wa baridi. Inapoondoka huacha uchafu wake nyuma. Doa linazidi kuwa jeusi, linafyonza joto zaidi, barafu zaidi inaondoka. Upande mweupe nao unazidi kuwa mweupe kwa barafu iliyokimbia kule. Mwezi unazunguka polepole mno, kwa hiyo jua lina muda mrefu wa kupiga mahali pamoja. Hakuna kijivu katikati. Picha zilizopigwa Septemba 2007, chombo cha Cassini kilipoupita kwa karibu, zilionyesha weusi na weupe vikipakana kama mabaka ya ng'ombe.

Sihitaji kueleza zaidi. Uongo wangu wa kwanza ulikuwa mdogo. Na kila ulipoongezeka, sifa zangu nyumbani ziliongezeka pia. Ndiyo iliyonitisha. Kadiri nilivyoharibika Embu, ndivyo nilivyong'aa Maua.

Nilituma kazi saa tano na nusu asubuhi. Saa nane mama akapiga simu. "Mwalimu, mahafali ni lini? Akina mama wa chama wanataka kuchanga wakodi matatu, waje wote."

Nikasema nitakuja nyumbani Ijumaa tuongee.

Kutoka Embu kwenda Meru barabara inazunguka Mlima Kenya upande wa mashariki. Runyenjes, Chuka, lile daraja la Nithi ambapo abiria hunyamaza hata kama walikuwa wakibishana siasa, halafu Nkubu. Siku hiyo kulikuwa na dirisha la mawingu na mlima ulionekana. Ukiutazama kutoka Embu una umbo moja, ukiutazama kutoka Meru una umbo lingine, na barafu iliyobaki juu ni kidogo kuliko ile iliyo kwenye picha za vitabu vyetu vya shule.

Kati ya Nkubu na mji wa Meru unavuka ikweta. Nimeivuka mara nyingi nikiwa nimelala. Safari hii nilikuwa macho, kwa sababu ya Iapetus. Tarehe 31 Desemba 2004 chombo cha Cassini kilipiga picha zinazoonyesha ukuta wa milima ukipita juu ya ikweta ya mwezi ule, karibu sawasawa kabisa, kwa urefu wa kilomita 1,300 hivi. Vilele vyake vingine hufika kilomita 20 kwenda juu. Mlima Kenya una mita 5,199. Panga mitatu kama huo, mmoja juu ya mwingine, na bado hujafika kileleni. Na mwezi wenyewe, kilomita 1,470 kutoka ukingo hadi ukingo, haufiki hata nusu ya upana wa mwezi wetu.

Wanasayansi hawajakubaliana ukuta huo ulitoka wapi. Wengine wanasema Iapetus uliwahi kuwa na pete yake, ikaporomoka polepole juu ya ikweta. Wengine wanaangalia tumbo lake. Mwezi huu umetuna katikati kana kwamba unazunguka kwa chini ya siku moja, si kwa siku 79. Inaonekana zamani ulikuwa na kasi hiyo, ukaganda ukiwa bado na umbo la kasi, kisha kasi ikaisha umbo likabaki. Niliangalia begi lililokuwa mapajani mwangu. Lilikuwa lile la chuo. Ndani hamkuwa na kitabu hata kimoja.

Nilibadilisha gari Makutano nikafika nyumbani jioni. Mama alikuwa jikoni. Nilikaa kwa kile kigoda karibu na moto, nikamwambia yote, hata kamari. Nilimwambia kwa Kimeru, lugha ambayo sikuwa nimeitumia kusema ukweli kwa muda mrefu.

Hakulia, hakunipiga. Aliuliza jambo moja. "Zile za bonasi zote?"

"Zote."

Akageuza chungu, akaondoa kuni moja ili moto upungue. "Mwaka ule nilikuwa nimeacha kubadilisha mabati ya hii jikoni," akasema. Nikaangalia juu. Kulikuwa na matundu, na mbingu ilionekana.

Hakuniita Mwalimu usiku ule. Aliponiambia chakula ni tayari aliniita kwa jina langu, lile la babu, na nilishangaa jinsi lilivyoniuma na jinsi nililivyokuwa nimelikosa. Wiki iliyofuata aliwaambia akina mama wa chama mwenyewe. Sikujua alitumia maneno gani. Najua tu kwamba mmoja wao amekuwa akinipita barabarani bila salamu.

Kuna jambo moja kuhusu Iapetus ambalo sikuliweka kwenye kazi ya yule mwanafunzi, kwa kuwa kurasa zilikuwa zimejaa. Mahali ambapo vimondo vidogo vimeugonga upande mweusi, chini yake pametokea weupe. Weusi ule wote, uliomficha mwezi Cassini kwa miaka 34, ni tabaka jembamba. Inakadiriwa huenda haufiki hata mita moja. Chini ni barafu ileile.

Lakini barafu haijitokezi yenyewe. Lazima kitu kigonge, na kikigonga huacha shimo.

Asubuhi ya Jumamosi mama alinigongea dirisha kukiwa bado giza. Alikuwa ameshavaa gamubuti zake, na mkononi alikuwa na kikapu cha pili.