Kutoka Kimandolu hadi Sahare: Chambo Kisicho na Roho

Sisi wa Kimandolu samaki wetu ni sangara na sato, waliosafiri ndani ya barafu mbali kuliko tulivyosafiri wengi wetu. Bahari wanetu waliijua kwa ramani ya darasani tu. Likizo hii tukaazimia kuuacha Mlima Meru mgongoni, tukashuka zaidi ya kilomita 400 hadi Tanga, kwa ami yetu mvuvi wa Sahare.

Baada ya Sala ya Alfajiri tulipanda ngalawa: ami, sisi wawili na kijana wetu. Matlai ilivuma taratibu. Chambo alichotutolea mzee hakikuwa dagaa wala ngisi, bali nyuzi nyeupe alizozichambua kwenye gunia la nailoni, akazifunga juu ya ndoana pamoja na manyoya ya kuku. Uvuvi huu huitwa kurambaza. Mshipi huburutwa nyuma ya chombo kinachokwenda, na nyuzi zile huchezacheza majini mfano wa kidagaa anayekimbia. Nguru na kolekole hufukuza. Chewa, mkaa mwambani, huchomoka ghafla, na usipomvuta upesi hurudi pangoni, mshipi ukakatika.

Kijana akauliza kama hiyo si hadaa. Ami akacheka, akamkumbusha kuwa mawindo ya bahari yamehalalishwa katika Suratul Maida. Kisha akainua mkono wake wa kushoto, wenye vidole viwili.

"Hadaa ni hii, mjukuu wangu."

Ujanani alivua kwa baruti. Mlipuko mmoja huua wakubwa na wachanga pamoja, huvunja matumbawe ambayo ndiyo nyumba ya chewa, na samaki wengi huzama wasiokotwe na mtu. Siku moja utambi ulikuwa mfupi. Sisi huko Arusha miaka yote tuliambiwa ni ajali ya mashine.

Hatukujua la kusema. Mshipi ndio uliotuokoa: ulikaza, kijana akavuta, akatokea chewa mdogo. Ami akampima kwa kiganja kile kile, akamrudisha majini. Kijana alinuna.

Adhana ya Adhuhuri ilitukuta ufukweni na kolekole mmoja kwa watu saba. Chambo kilikuwa kimechakaa, na fundo humshinda ami kwa vidole vile, basi akamwachia kijana. Fundo la kwanza lilifunguka. La pili likashika.