Siku Tatu za Hija Kando ya Mto Ganges

Kila aliyewahi kwenda Namugongo kwa sikukuu ya tarehe 3 Juni anajua kwamba hija haianzi siku ya kupanda gari. Huanza nyumbani, watu wanapoketi kuhesabu fedha, kugawana mizigo na kuulizana nani atabaki na mbuzi. Leo nataka kuwasimulia hija ya watu wa dini nyingine, Wahindu wa India, ambayo mimi mwenyewe nilisaidia kuipanga, kisha nikafuatana nao. Imani yao si yetu, wala sikusudii kubishana juu yake. Lakini taabu za safari ni zile zile, na kosa tulilolifanya sisi, jamaa yo yote ya kijijini kwetu yaweza kulifanya.

Nilikuwa mwanafunzi mjini Delhi. Nilipanga chumba katika nyumba ya karani mmoja wa serikali. Aliishi pale na mkewe, watoto wao wawili, na mama yake mzazi, bibi wa miaka 78. Watoto walimwita Dadi, yaani bibi mzaa baba, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita beta, mwanangu.

Jioni moja, baada ya chakula, Dadi alisema mbele ya wote: "Kabla sijafa nataka kuoga Kashi." Hakuongeza neno. Karani akaweka chini kikombe chake cha chai, akajibu, "Vema, Mama. Tutakwenda."

Kashi ni mji gani?

Kashi ndio mji ule ule unaoitwa Varanasi, na wengine huuita Banaras. Uko katika jimbo la Uttar Pradesh, kaskazini mwa India, na kutoka Delhi ni safari ya treni ya usiku mzima, kiasi cha kilometa 760. Mto Ganges, ambao wenyeji huuita Ganga, hutoka katika milima ya Himalaya, ukapita nchi tambarare kuelekea mashariki, kiasi cha kilometa 2,500 mpaka baharini. Lakini ukifika Varanasi hupinda, ukaelekea kaskazini, kana kwamba unageuka kuitazama milima ulikotoka. Mji umejengwa ukingo wa magharibi, na ng'ambo ni mchanga mtupu. Kwa hiyo anayeshuka mtoni alfajiri hukabiliana na jua likichomoza.

Ukingo wote huo umejengwa ngazi za mawe zinazoteremka majini. Kila sehemu ya ngazi huitwa ghat, nazo zimepita 80. Hapo watu huoga, husali, hufua nguo, hunyoa na kufundisha watoto kuogelea. Katika mbili, Manikarnika na Harishchandra, huchoma maiti zao usiku na mchana, kama ilivyo desturi yao. Wahindu wengi huamini kwamba mtu akifa Kashi hufunguliwa, hazaliwi tena katika dunia hii ya taabu. Ndiyo sababu wako wazee na wagonjwa wanaoletwa pale, wakae wakingojea mwisho wao.

Jambo hilo lilimkosesha karani usingizi. Siku moja aliniambia kwa sauti ndogo, "Nachelea Mama akifika kule atakataa kurudi."

Tunapanga safari

Kwanza tulichagua majira. Mei na Juni joto la Varanasi hupita nyuzi 40, nalo si la kumpeleka mzee. Tangu Julai mpaka Septemba ni mvua. Mto hufura ukafunika ngazi, na mashua huzuiwa. Desemba na Januari kuna ukungu mzito, treni huchelewa masaa mengi. Oktoba na Novemba hali ya hewa ni nzuri, lakini mwezi mpevu unaofuata Diwali huwa na sikukuu kubwa ya taa, mji hujaa na vyumba hupanda bei. Basi tukachagua mwanzo wa Machi, baada ya sikukuu ya Shiva kupita.

Pili, ruhusa ya kazi. Karani alipewa Ijumaa tu. Ukiongeza Jumamosi na Jumapili, zikawa siku tatu. Tungeondoka Alhamisi usiku na kurudi kazini Jumatatu asubuhi.

Tatu, tikiti. Katika treni za India za safari ndefu, watu huanza kununua nafasi siku 60 kabla. Anayechelewa huandikwa katika orodha ya wanaongojea, na huenda siku ya safari ifike naye bado anangoja. Karani aliwahi mapema, akampatia Dadi kitanda cha chini, asipate shida ya kupanda.

Nne, fedha. Mkewe alifungua daftari akaandika nauli, chumba, mashua, sadaka na chakula. Kisha akatenga fedha ya shida, akaishonea ndani ya nguo yake. Mama huyo alikuwa na akili sana.

Mpaka hapo tulikwenda vizuri. Kosa lilianza kwenye orodha ya mahali pa kutembelea. Karani aliandika mahekalu manne. Mkewe akaongeza soko la hariri, maana nguo za sari za Banaras zinasifiwa India nzima. Watoto wakataka Sarnath, kiasi cha kilometa 10 kutoka mjini, mahali Buddha alipotoa mafundisho yake ya kwanza. Hata mimi, mgeni, niliomba tuone Chuo Kikuu cha Wahindu kilichoanzishwa mwaka 1916. Karatasi ikajaa. Kuoga mtoni tukakuweka Jumapili, ati tumalize kwa jambo kubwa.

Dadi alikuwa ameketi hapo hapo akichambua dengu. Aliuliza swali moja tu: "Kuna ngazi ngapi?" Karani akacheka, akasema, "Usiwe na wasiwasi, Mama." Hakuna aliyemjibu.

Siku ya kwanza

Nyumba ya wageni ilikuwa karibu na Dashashwamedh Ghat, katikati ya mji wa kale. Vichochoro vya huko ni vyembamba hata gari haliingii. Hupita watu, ng'ombe na pikipiki, na mara kwa mara maiti iliyochukuliwa mabegani, watu wakilitaja jina la Mungu wao kwa sauti. Tulimshika Dadi mikono huku na huku.

Tukaenda moja kwa moja kwenye hekalu kuu la Vishwanath. Hekalu hili lina habari ndefu. Lile la zamani lilibomolewa mwaka 1669 kwa amri ya mfalme Aurangzeb, na msikiti ukajengwa mahali pale. Hili la sasa, lililo ubavuni mwa msikiti huo, lilijengwa na malkia Ahilyabai Holkar, likamalizika mwaka 1780. Dhahabu ya juu yake ilitolewa na Ranjit Singh, mfalme wa Punjab, katika karne ya 19. Mwaka 2021 ilifunguliwa njia pana kutoka hekaluni mpaka mtoni, baada ya nyumba nyingi za vichochoroni kununuliwa na kubomolewa. Hata leo ugomvi juu ya mahali hapo haujaisha mahakamani, na askari ni wengi.

Simu, mikoba na viatu haviruhusiwi kuingia. Mimi nikabaki nje kuwa mlinzi wa viatu. Walirudi baada ya masaa mawili na nusu, maana mstari ulikuwa mrefu. Uso wa Dadi ulijaa furaha, lakini miguu ilikuwa imevimba.

Hapo tungalipumzika. Lakini orodha ilisema mahekalu mengine mawili, tukaenda. Jioni tukashuka ghat kuona sala ya taa. Makuhani vijana husimama mstari mmoja, kila mmoja na kinara chenye ndimi nyingi za moto, wakikizungusha kwa pamoja kuuelekea mto, kengele zikilia na kombe zikipulizwa. Maelfu hutazama, wengine ngazini, wengine katika mashua. Ni jambo zuri, sitalisahau. Ilipokwisha, watu wote wakainuka kwa mara moja. Dadi hakuweza kuinuka. Mimi na karani tulimbeba, huku tukisukumwa kila upande. Nikazihesabu ngazi zile moja moja mgongoni mwangu. Kumbe majira tuliyoyachagua kwa ajili ya hewa nzuri ndiyo mto unapopungua, na mto ukipungua, ngazi za kushuka na kupanda huwa nyingi zaidi.

Siku ya pili

Jumamosi asubuhi magoti ya Dadi yalikuwa kama mabuyu. Karani alisema kwa huzuni kwamba afadhali turudi Delhi. Mkewe akasema tungoje. Wakaanza kushindana: Sarnath ifutwe au soko lifutwe? Dadi alikuwa ameelekea ukutani, kimya.

Msichana mdogo, wa miaka tisa, akaketi kitandani akamwuliza, "Dadi, wewe ulitaka kwenda wapi?"

Bibi akajibu, "Mtoni. Sikuomba kingine."

Sisi watu wazima tukatazamana. Tulikuwa tumemfanyia hija bila kumwuliza. Karani akatoa karatasi yake mfukoni, akafuta yote yaliyobaki.

Mwenye nyumba ya wageni alitupa shauri jema. Alisema mwacheni leo alale, mkandeni kwa maji ya moto. Kesho kabla ya mapambazuko mpelekeni Assi Ghat, mwisho wa mji upande wa kusini. Huko barabara hufika karibu kabisa na ngazi, na nafasi ni pana. Tukafanya hivyo.

Siku ya tatu

Jumapili, kabla ya mapambazuko, tulichukua bajaji mpaka Assi. Muuza chai mmoja alituazima kiti cha plastiki. Tukamketisha Dadi, mimi na karani tukashika nyuma, wapiga makasia wawili wakashika mbele, tukamteremsha polepole mpaka majini. Wale wapiga makasia hawakutaka malipo. Walisema huyu ni mama.

Sharti niseme na habari ya maji. Mto huo si safi. Maji machafu ya miji mingi huingia humo. Serikali ilianza kazi ya kuusafisha mwaka 1986, ikaanza mpango mkubwa zaidi mwaka 2014. Mitambo imejengwa, lakini kazi haijaisha. Alikuwako Varanasi mtu mmoja, Veer Bhadra Mishra, mkuu wa hekalu la Sankat Mochan, naye pia profesa wa uhandisi wa maji katika chuo kikuu. Aliujua uchafu ule kwa vipimo, na bado aliuheshimu mto kwa imani yake na kuoga humo. Mwaka 1982 alianzisha shirika la kuupima na kuutetea, akalifanyia kazi mpaka alipofariki mwaka 2013. Nasi mkewe karani aliwakataza watoto kunywa hata tone. Dadi alikubali agizo hilo kwa watoto. Kwa nafsi yake alinyamaza.

Jua lilipotokeza juu ya mchanga wa ng'ambo, lilikuwa jekundu, na mto wote ukageuka rangi. Mkwewe akamshika mkono. Dadi akazama mara tatu, akasimama akitetemeka, akafumba macho. Sijui aliomba nini. Kisha akaketi kitini, amefunikwa shali kavu, akautazama mto muda mrefu.

Karani hakuweza kuvumilia. Akachutama mbele yake, akauliza, "Mama, unataka kubaki huku?"

Dadi akamtazama kwa mshangao. "Nani atamsuka mtoto nywele?" akasema. "Twende nyumbani. Nimekwisha oga."

Usiku ule tukapanda treni. Sarnath hatukuiona, wala sari haikununuliwa. Watoto walinung'unika kidogo, kisha wakalala.

Neno la mwisho

Mwaka uliofuata nilikuwa nimekwisha rudi kwetu. Karani aliniandikia kwamba Dadi amefariki, usingizini, kitandani mwake Delhi. Walichukua majivu yake mpaka Kashi kama ilivyo desturi yao. Aliandika kwamba safari hii hawakuwa na orodha. Walifika asubuhi, wakaenda Assi, wakashuka ngazi zile zile, na yule muuza chai akamkumbuka bibi wa kiti.

Basi, ndugu wasomaji, nasi tuna mahali petu pa hija, na wazee wetu wanaotamani kufika. Mkiketi kupanga, chagueni majira, kateni tikiti mapema, tengeni fedha ya shida. Hayo yote ni mema. Lakini kabla hamjaandika lo lote, mwulizeni yule ambaye safari ni yake anataka nini, na jambo hilo liwekwe siku ya kwanza, nguvu zake zingalipo. Na akiuliza kuna ngazi ngapi, mjibuni.