Mzigo Nilioufunga Vibaya

Wazee husema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Mimi mguu wangu haukuvunjika, lakini mguu wa mjomba wangu ulichubuka kwa ajili yangu. Basi nataka kuwaeleza habari za safari yangu ya pikipiki ya likizo ya Desemba, ili mwenzangu atakayefunga mzigo kesho apate faida.

Kwetu ni Jinja. Marehemu baba alikuwa mshoni, naye alituachia cherehani moja ya mkono, nyeusi, ya chuma kizito, pamoja na sanduku lake la mbao. Alipofariki, mama alishona kwa cherehani hiyo, na ndiyo iliyolipa ada yangu ya shule. Dada yangu mkubwa ameolewa Sipi, katika mlima Elgon, naye amejifunza kushona. Siku moja mama akasema, "Macho yangu hayaoni tena tundu la sindano. Mpelekeeni binti yangu mashine ya baba yake."

Mjomba ni mwendeshaji wa bodaboda, akakubali kunipeleka kwa pikipiki yake. Njia ni ndefu, karibu kilometa 200. Hupita Iganga, ikakata mabonde ya mpunga ya Tirinyi mpaka Mbale, kisha Sironko, na baada ya hapo huanza kupanda mlima. Mbale uko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, na Sipi ni karibu mita 1,800.

Mjomba hakusoma kupita darasa la nne. Mimi niko kidato cha tatu, na katika mtihani wa fizikia nalikuwa wa kwanza katika swali la wenzo. Kwa hiyo usiku ule mjomba alipochelewa kazini, niliona fahari kufunga mzigo peke yangu. Nililaza gunia la mchele wa kilo 20 juu ya keria, nikaweka sanduku la cherehani mwisho kabisa wa keria, ili mimi nipate nafasi ya kukaa vizuri. Nikafunika yote kwa turubai, nikakaza kwa kanda za mpira wa tyubu. Mzigo ulipendeza kwa macho.

Alfajiri mjomba alishika usukani akautikisa, akauliza, "Nani amefunga?"

"Ni mimi, mjomba. Nimefunga kwa hesabu."

Akanyamaza, tukaondoka. Mwendo ulipozidi kidogo, usukani ulianza kucheza kama mkono wa mtu mwenye homa. Mjomba akapunguza mwendo mpaka Iganga, akasimama.

"Mpwa wangu," akasema, "gurudumu la mbele ni jepesi, halishiki njia. Fungua mzigo. Mchele ugawe mafungu mawili yaliyo sawa, uning'inize chini, huku na huku. Sanduku lisogeze mbele likuguse mgongoni. Kitu kizito kikae chini na karibu na mwendeshaji, na kitu chepesi kikae juu. Mimi naenda kuongeza upepo kwenye tairi ya nyuma, na kumtafuta mwenye mafuta ya cheni."

Hapo, wasomaji, ndipo nilipofanya kosa langu. Niliutazama mzigo niliouhangaikia usiku kucha, nikaona uvivu, nikaona na aibu. Nikasema moyoni, "Mtu wa darasa la nne atanifundisha mimi?" Nilizikaza zile kanda tu, basi. Mjomba aliporudi akaniuliza, "Umekwisha?" Nikajibu, "Nimekwisha." Turubai lilificha yote, naye akaniamini. Usukani ulipocheza tena, alidhani ni ubovu wa njia, akaenda polepole mpaka Mbale na Sironko.

Tulipoanza kupanda, niliona mabonde yakishuka chini yetu, na nilifurahi kwa hewa baridi. Kwenye kona moja kali mjomba akatia gia ya kwanza, akaongeza moto. Mara gurudumu la mbele likainuka kama farasi asimamaye kwa miguu ya nyuma. Nilitupwa chini majanini. Pikipiki ililala ubavu, ikambana mjomba mguu. Sanduku lilipasuka, na cherehani ya baba ikabiringika kuelekea bondeni, ikazuiwa na shina la mgomba.

Nilikimbia kumwinua mjomba. Mguu ulikuwa umechubuka toka goti mpaka kifundo, lakini mfupa ulikuwa mzima. Hakusema neno. Alichechemea mpaka kwenye mzigo, akaanza kufungua kanda za mpira moja moja, kisha akasimama, akashika fundo moja akanionyesha.

"Fundo hili ni la Jinja," akasema, "si la Iganga."

Nililia, wala sikuona haya kulia. Nilimwomba msamaha, nikamweleza yote. Akajibu, "Kuanguka kwaweza kumpata mtu yeyote. Lakini mimi nimeendesha kutoka Iganga kwa neno lako."

Cherehani ilikuwa imevunjika mpini wake wa kuzungushia, na mwili wake ulikuwa mzima. Mjomba aligawa mchele huku na huku, akaiweka cherehani juu ya kiti, mahali pangu, akaifunga barabara nyuma ya mgongo wake. "Mashine ya baba yako ina haki ya kiti kuliko wewe," akasema. Akaenda nayo. Mimi nikapanda mlima kwa miguu, mpaka lori la viazi likanihurumia. Nilipofika Sipi niliwakuta wote nyumbani, na dada akimkanda mjomba mguu kwa maji ya moto. Siku ya pili fundi alichonga mpini mpya wa mti mgumu. Mpini huo haufanani na chuma cheusi cha mashine, na kila atakayeshona ataulizwa habari zake.

Niliporudi shuleni nilifungua daftari langu la fizikia. Yote yalikuwamo, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Ekseli ya nyuma ndiyo egemeo. Mzigo uliokaa nyuma ya egemeo hushusha nyuma na kuinua mbele, na kadiri unavyokaa mbali na egemeo, ndivyo nguvu yake inavyozidi. Mlimani huzidi tena, maana uzito wote huelekea nyuma. Nilikuwa nimepata alama zote, lakini sikuwa nimejua kitu.

Sheria hiyo haibadiliki hata kwa wale wanaokokota tela. Mzigo wa tela hupasa kuelemea mbele kidogo ya ekseli yake. Ukielemea nyuma, tela huyumba kama mkia wa samaki, na huweza kumwangusha anayelivuta. Wako waliosafiri hivyo kupita sisi sote: Desemba 1934 wanawake wawili wa Uingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki ya Panther ya sisi 600, yenye kigari cha ubavuni na tela nyuma yake. Walivuka jangwa la Sahara, wakafika Cape Town Julai 1935. Nadhani watu wale hawakuwa wakidanganyana juu ya mafundo.

Basi, ndugu zangu, mkifunga mzigo wa safari ndefu, kizito kiwe chini na mbele, pande mbili ziwe sawa, na ncha za kanda zisining'inie karibu na cheni. Mkiisha kwenda kilometa kumi, simameni mkaze tena, kwa kuwa mzigo hukaa chini baada ya kutikiswa. Lakini zaidi ya hayo, mkiulizwa kama mmefanya mlilotumwa, semeni kweli. Mjomba amenisamehe, na mguu wake umepona. Hata hivyo, kila tuondokapo safari, hupitisha mkono wake chini ya turubai na kupapasa mafundo kabla ya kuwasha moto, nami husimama kando nikingoja.