SEHEMU YA 11: Parokia Tatu Zinapotafuta Jina Moja

Mama zangu, na ninyi akina baba mnaosoma kimya kimya halafu mnamwambia mke "yule nesi kasema". Nawaona.

Sehemu iliyopita tuliongea manjano ya watoto wachanga, na niliahidi leo tungeingia kwenye homa. Homa itasubiri wiki ijayo. Inboksi yangu imejaa swali moja, na karibu wote wanaouliza ni mama wanaoishi huku Marekani kama mimi: "Dada nesi, parokia aliyobatizwa mwanangu inaunganishwa na nyingine, jina linabadilika. Cheti chake bado kinafaa? Na mtoto nimwambie nini?"

La cheti ni jepesi. Kinafaa. Ubatizo haufutwi na tangazo la jimbo. Nitarudi kwenye mambo ya makaratasi huko chini.

La pili ndilo zito. Na sisi limetufika, kwa hiyo leo naongea kama mama zaidi kuliko kama nesi.

Kwanza niwaeleze ndugu zangu mlioko nyumbani, maana najua mnashangaa. Kwetu Moshi parokia zinazaa. Kigango kinakua, waumini wanachanga, wanajenga nyumba ya padre, siku moja askofu anakuja kukitangaza kuwa parokia. Ile ya zamani inaitwa parokia mama, na watu wanapiga vigelegele. Huku mambo yamegeuka. Miaka zaidi ya mia iliyopita wahamiaji walikuja kwa makundi, na kila kundi likajenga kanisa lake: Wajerumani lao, Waayalandi lao, Wapolandi lao, Waitaliano lao. Unaweza kukuta makanisa Katoliki matatu ndani ya mitaa michache, yote makubwa, yote ya matofali. Wajukuu wakahamia kwingine, wanaosali wakapungua, mapadre wakapungua, na paa la kanisa kongwe halitengenezwi kwa sadaka ya watu sitini. Jimbo la Pittsburgh lilikuwa na parokia 188. Mpango uliotangazwa mwaka 2018 ulizipanga ziwe 57. Hebu fikiria ni familia ngapi ziliamka siku moja zikiwa na jina jipya.

Hapa kwetu Illinois tuko parokia tatu. Sitazitaja, nitaziita ya mtoni, ya relini na ya kilimani. Sisi wa Afrika Mashariki na Kongo tunasali relini, ndiko kwenye Misa ya Kiswahili mara moja kwa mwezi. Mwanangu alibatizwa hapo. Ana miaka sita sasa, na aliposikia habari hizi aliuliza swali moja tu: "Mama, kwa hiyo sisi tutakuwa wa wapi?"

Nilimwambia ngoja nikajue. Nikaenda kwenye kikao.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kuunda parokia, kuifuta au kuiunganisha ni mamlaka ya askofu wa jimbo peke yake, baada ya kusikiliza baraza la mapadre wake. Jina pia anaamua yeye. Lakini kwetu waumini waliombwa mapendekezo: unaandika jina kwenye karatasi, na sababu yake. Kamati inachambua, majina matatu yanapelekwa kwa askofu, analichagua moja.

Yana masharti. Somo wa parokia awe ni mtakatifu aliyekwisha kutangazwa, au fumbo la imani kama Utatu Mtakatifu. Mwenyeheri anahitaji ruhusa ya Roma. Hapo watu wa Illinois wanaumia kidogo, kwa sababu ya Padre Augustus Tolton. Alizaliwa mtumwa Missouri mwaka 1854. Wakati wa vita mama yake, Martha, aliwapakia watoto wake watatu kwenye mtumbwi akavuka nao mto Mississippi, akafika nao Quincy, hapa hapa Illinois. Seminari za Marekani zilimkataa kijana huyo kwa rangi yake, akasomea Roma, akapewa upadre mwaka 1886. Tangu 2019 Kanisa linamwita Mheshimiwa, hatua iliyo chini ya mwenyeheri, kwa hiyo jina lake halikuweza kuingia kwenye karatasi zetu. Mama zangu, mimi kila nikisoma habari zake namfikiria Martha kwenye ule mtumbwi.

Basi, kikao. Ukumbi ulijaa. Watu wa mtoni wakasema wao ni wengi, jina lao libaki. Wa kilimani wakasema wao ndio wa kwanza, kanisa lao ndilo kongwe. Babu mmoja akasimama na fimbo yake, akasema babu yake alibeba matofali ya ukuta ule kwa mkokoteni baada ya kazi, kila jioni. Hakusema zaidi. Akakaa.

Mwingine akashauri tuyaunge majina yote matatu. Nilicheka moyoni, maana Mtanzania ukimwambia habari ya kuunganisha majina unamwambia habari ya kwao. Aprili 1964 tulikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina refu kama treni, na lilidumu mpaka Oktoba tulipokuwa Tanzania, kipande huku, kipande kule. Kwa nchi inawezekana. Kwa watakatifu utakata wapi? Huwezi kuchukua nusu ya Petro ukaishonea nusu ya Ana. Na ukiyapanga yote matatu kwa mstari, watu watasema lile la kwanza tu, na mengine mawili yatakufa kimya kimya.

Sasa nivae kidogo sare yangu, niwaeleze kwa nini hili si jambo la ubao wa mlangoni tu.

Wodini, kabla sijampa mgonjwa dawa yoyote, namuuliza jina lake na tarehe ya kuzaliwa, hata kama nimemuuliza saa moja iliyopita, kisha nalinganisha na utepe wa mkononi. Jina likikosewa, dawa ya mtu inakwenda kwa mtu mwingine. Ndiyo maana sisi manesi hatulichukulii jina kimzaha.

Usiku mmoja nilikuwa na mgonjwa, bibi mzee sana (nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike). Kumbukumbu zilikuwa zinakuja na kuondoka. Mwaka hakuujua, hospitali hakuijua. Akaomba padre. Nikamuuliza, bibi, parokia yako ipi? Akanitajia jina mara moja, bila kusita, na mtaa, na jina la padre aliyemfungisha ndoa. Mhudumu wa zamu akatafuta kwenye orodha. Hakuna. Akatafuta tena. Hakuna, kwa sababu parokia hiyo ilishaunganishwa miaka kadhaa nyuma ikapewa jina lingine, na bibi jina lile jipya halikuwahi kumwingia kichwani. Padre alipatikana kwa njia nyingine, akafika, akampaka mafuta matakatifu, bibi akalala. Lakini kwa karibu saa nzima alikuwa anarudia jina la kanisa lake kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyepotea sokoni anavyotaja jina la mama yake.

Kwa hiyo mtu akikwambia "aa, jina tu hilo", mwambie hajakaa na wazee usiku.

Ila upande wa pili nao upo, na tuuseme. Kule Chicago, mtaa wa Bronzeville, mwaka 2021 parokia tano za Wakatoliki weusi ziliunganishwa. Tano! Zikachukua jina la Bikira Maria, Mama wa Afrika. Mojawapo ya hizo tano, ya Mtakatifu Elizabeti, ilikuwa yenyewe imewahi kuipokea parokia ya Mtakatifu Monika, ile aliyoianzisha Padre Tolton. Yaani hata lile jina la zamani ambalo watu walililia lilikuwa limeshabeba jina lingine tumboni. Na Tolton hakusahauliwa. Alikumbukwa kwa sababu watu waliendelea kumsimulia.

Hapo ndipo nilipopata cha kuandika kwenye karatasi yangu.

Dada mmoja wa Kongo alikuwa amependekeza Mtakatifu Yosefina Bakhita. Mzee mmoja akasema waziwazi kwamba hilo ni jina la wageni, la hawa waliokuja juzi. Ukumbi ukanyamaza. Mimi si msemaji wa vikao, lakini nilinyanyuka.

Niliwaambia Bakhita ni nani. Mtoto wa Darfur, Sudan, aliyezaliwa karibu mwaka 1869, akatekwa akiwa mdogo, akauzwa tena na tena. Aliteswa mpaka akalisahau jina alilopewa na mama yake. "Bakhita" ni jina aliloitwa na waliomteka, na maana yake ni mwenye bahati. Waswahili mnaisikia: bakhita, bahati, ni neno lile lile la ukoo mmoja. Alifika Italia, akabatizwa mwaka 1890, akawa mtawa, akafa 1947, na mwaka 2000 akatangazwa mtakatifu. Jina lake la kwanza halijulikani mpaka leo.

Nikasema: hapa ukumbini wote tunaogopa kupoteza jina. Huyu alilipoteza kweli, na Mungu hakupotezana naye. Si wa wageni. Ni wa yeyote anayeondoka hapa leo na huzuni ya jina.

Sikupigiwa makofi, msidhani. Ila wakati wa kahawa bibi mmoja wa kilimani alinifuata, akaniomba nimfundishe kulitamka. Ba-ki-ta. Akarudia mara tatu, akaenda kumfundisha mwenzake.

Kwenye karatasi yangu niliandika jina hilo, na chini yake nikaongeza ombi. Nimeliona kwenye familia: mama mjane akiolewa na baba mwenye watoto wake, nyumba inayotulia ni ile ambayo watoto hawakatazwi kumtaja marehemu. Picha inabaki ukutani. Ukiishusha ili kumfurahisha mpya, utavuna uchungu mezani kila siku. Kwa hiyo niliomba majina yote matatu ya zamani yabaki kwenye milango ya makanisa yake, na yatajwe kwenye sala za waumini mwaka mzima wa kwanza.

Na kumbe sehemu ya kwanza ya ombi langu sheria ya Kanisa ilishaijibu kitambo. Inayobadilika jina ni parokia, yaani jumuiya. Jengo la kanisa likishawekwa wakfu, kwa kawaida somo wake habadilishwi. Kwa hiyo babu wa matofali ataendelea kuingia mlango ule ule wenye jina lile lile, maadamu kanisa liko wazi. Paroko alipolisoma hilo mbele yetu, nilimwona babu akivua miwani akaifuta. Natamani wangelitangaza siku ya kwanza, tungepunguza machozi mengi.

Majina matatu yamekwenda kwa askofu: Familia Takatifu, Mtakatifu Yosefu, na Bakhita. Hatujui litarudi lipi. Likirudi la Yosefu, nitaliimba kwa sauti kama wengine.

Sasa mtoto unamwambia nini? Mimi nimemjibu wangu hivi: "Ulibatizwa relini, hilo halibadiliki mpaka unazeeka. Sasa tumepata ndugu wa mtoni na wa kilimani, na tunasubiri jina la familia nzima." Akauliza kama ndugu hao wana mpira. Basi, yakaisha.

Mpeleke akaone makanisa yote kabla ya siku ya kuunganishwa. Mpige picha mlangoni pa kila moja. Mfundishe majina yote, la zamani na jipya, kama anavyojua jina lake na jina la babu.

Na wewe mama, fanya haya wiki hii:

1. Chukua nakala ya cheti cha ubatizo cha kila mtoto sasa, kabla ofisi hazijahama. Piga picha, hifadhi kwenye simu na kwa mtu mwingine unayemwamini.

2. Uliza kwa jina: "Daftari la ubatizo la parokia yetu litakaa wapi?" Mara nyingi linakwenda parokia mpya au kwenye kumbukumbu za jimbo. Andika jibu nyuma ya cheti. Kipaimara na ndoa ya mtoto vitakuja kuandikwa kwenye daftari hilo hilo, na siku ya ndoa ataombwa cheti kipya, kwa kawaida kisichozidi miezi sita. Atahitaji kujua pa kuomba.

3. Kama una mzazi au jirani mzee, mwandikie kwenye kadi majina mawili, la zamani na jipya, na namba ya simu ya ofisi ya parokia. Akae nayo kwenye pochi.

4. Ukilazwa au ukimleta mgonjwa, usisubiri kuulizwa parokia. Sema: "Ni Mkatoliki, naomba padre." Padre yeyote anaweza kumpaka mafuta mgonjwa wako.

Niandikieni hapa chini: parokia uliyobatizwa inaitwaje, na bado inaitwa hivyo? Wa nyumbani nanyi mseme, nataka kusikia vigango vilivyozaliwa mwaka huu.

Wiki ijayo homa, kweli safari hii. Cheti kitafute leo.